Matanga ya Mwenye Mapafu

Nilimwahidi Deo kwamba vita vikiisha, na mimi nikiwa bado hai, nitawatafuta watu wa yule kijana ambaye mapafu yake Deo alikuwa akiyapumulia. Nilimwahidi mchana, mbele ya watu, katika ua wa nyumba moja ya Kalundu, bandari ya Uvira, nikiwa nimeshika viatu mkononi kwa sababu mkeka wa matanga ulikuwa umetandikwa. Nilikuwa katika umri wa kuahidi. Nilikuwa nimetoka chuoni na diploma ya maabara, na niliamini kwamba jambo lolote lenye jina kitabuni lina njia ya kutendeka duniani. Mwaka huu mwenye ua ule, Mama Veronika, amefariki. Nimerudi kumzika, na nilipoketi katika sebule yake nikiegemea ukuta uleule wa zamani, niligundua kwamba siwezi kumlilia yeye peke yake. Watu walionizunguka walikuwa wakimwimbia bibi kizee aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, maisha yake yote. Mimi nilikuwa nikisikiliza pumzi ya mtu mwingine.

Sebule haijabadilika kiasi cha kunisaidia kusahau. Viti vinne vya mbao bado vimevikwa vitambaa vya kufuma, Bikira Maria bado yuko juu ya mlango, na dirisha bado linaonyesha kipande cha bandari na ziwa nyuma yake. Harufu ya ndagala wanaoanikwa uani imeingia katika udongo wa kuta, nadhani hata nyumba ikianguka itabaki hewani. Mwaka ule wa vita vyetu vya pili nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma. Nilikuwa nimepewa kazi katika maabara ya kituo kimoja cha afya ambako hadubini ilikuwepo lakini dawa za kupimia zilikuwa zimekwisha, hivyo nilichoweza kuchunguza kwa uhakika kilikuwa kinyesi na makohozi. Wanawake waliochambua ndagala uani, wakitoa mchanga na vijiwe, waliniita Dokta wa Choo, na sikuwalaumu.

Deo aliingia katika nyumba hiyo akiwa na mfuko mdogo wa nguo na mfuko mkubwa wa dawa. Alikuwa mtoto wa kaka yake Mama Veronika, mzaliwa wa bonde la Ruzizi, aliyekwenda Ubelgiji kusoma akabaki huko kufanya kazi. Huko mapafu yake yalianza kukauka na kukakamaa kama ngozi iliyosahauliwa juani, mpaka madaktari wakamtoa yote mawili na kumpandikizia ya mtu aliyekufa. Aliishi nayo vizuri kwa miaka kadhaa. Kisha mama yake akafariki, naye akaja kumzika kwa safari fupi. Kabla hajarudi, barabara ilifungwa, ndege zikakoma, na bonde likawa njia ya wanajeshi. Akateremka Kalundu kwa shangazi yake, kungoja. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mwenye mashavu ya duara na sauti ya upole, na mikono iliyotetemeka kidogo, daima, kama majani ya mgomba kabla ya mvua.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa sahani. Kwa Mama Veronika tulikula bugali, sombe la majani ya muhogo na ndagala kutoka sinia moja, tukinawa katika beseni moja. Siku ya kwanza Deo alitoa sahani yake mwenyewe, kikombe chake mwenyewe, na maji aliyoyachemsha mwenyewe, akaketi karibu na dirisha.

"Weye Deo," Mama Veronika alisema, mkono ukiwa bado ndani ya sinia, "unaogopa mukono yangu? Mukono yangu iko na nini?"

"Shangazi, mukono yako haina mubaya. Mwili yangu njo iko na mubaya. Kila kadudu kadogo, kwangu ni kitu kikubwa."

"Mubaya gani? Angalia ile mashavu! Umenona sawa padiri."

"Hiyo si kunona, Shangazi. Ni dawa."

"Basi na minye waniletee hiyo dawa," akasema, na tulicheka, lakini niliona kwamba aliumia. Kwetu mtu anayekula peke yake ana siri au ana sumu. Kwa wiki kadhaa alimtetea mpwa wake kwa sauti kubwa mbele ya majirani, na alipokuwa peke yake jikoni aliisugua sahani ile ya pekee kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Wanawake wa uani hawakuujali utetezi huo. Dirisha lilikuwa wazi, na wao walijua liko wazi. "Banasema balimupasua kifua sawa mbuzi, bakamutia mapafu ya muzungu," alisema Mama Sifa, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu chake. "Kumbe! Njo maana hapendi moshi yetu," mwingine akajibu. "Na akikohoa?" Mama Sifa akauliza. "Anakohoa Kifaransa?" Walicheka mpaka mmoja akamwaga ungo. Ndani, Deo naye alikuwa akicheka, ameshika fremu ya mlango kwa sababu kicheko kilimmalizia pumzi, na aliponiona alisema, "Waambie ninakohoa lugha mbili, ila Kirundi ndicho kinachouma zaidi." Siku hiyo nilianza kumpenda. Nikamwita Yaya, kama tunavyowaita ndugu wakubwa, naye akaniita mudogo.

Aliponiuliza kama ningeweza kuwa shahidi wake, nilidhani anazungumza habari za mahakama. Alitoa bomba fupi la plastiki lenye mshale mdogo unaosukumwa na pumzi. Kila asubuhi alisimama, akavuta hewa, akapuliza kwa nguvu moja, na mshale ukasimama mahali fulani. Hospitalini kwake walikuwa wamebandika kipande cha plasta palipo pumzi yake njema. "Mtu hawezi kujisomea mwenyewe," aliniambia. "Akiogopa husoma chini, akitumaini husoma juu. Nisomee weye." Hivyo nikawa namsomea. Mama Veronika aliliita bomba lile filimbi ya bubu. Katika miezi ya kwanza mshale ulifika kwenye plasta, au ukaikaribia, na sote watatu tulikunywa chai.

Alinieleza ugonjwa aliouogopa kwa maneno ambayo sijapata mazuri kuyashinda, ingawa tangu hapo nimesoma mengi. Mwili, alisema, hautambui wema. Unatambua alama tu. Kila chembe hubeba juu yake alama za mwenyewe, na chembe nyeupe za damu hupita zikizisoma. Zikikuta alama ngeni huita wenzao, nao hufundisha wengine kutengeneza kingamwili, silaha zilizopimwa kwa umbo la mgeni yuleyule, na kumbukumbu hiyo haifutiki. Kuna kukataa kwa haraka, kwenye homa na kelele, ambako huweza kuzimwa. Kuna na kukataa kwa polepole. Huko hakuna homa wala maumivu. Katika vile vijia vyembamba kabisa vya pumzi, jeraha dogo hupona kwa kovu, kovu huvutia kovu jingine, mpaka kijia kinazibwa kama mfereji uliojaa matope. Hewa huingia na kushindwa kutoka. Kilichozibwa hakizibuki tena.

Wakati huo barabara ya kwenda mjini ilikuwa na kizuizi ambapo wanajeshi walimtazama mtu pua na paji la uso, wakamuuliza ni wa wapi, na jibu lisilofaa liliweza kuwa la mwisho. Mimi, kijana wa mawazo makubwa, nilimwambia Deo kwamba chembe nyeupe ni kama watu wale wa kizuizini. Sijapata kumwona amekasirika kama siku hiyo. "Usiseme tena hivyo, mudogo. Chembe haina shule, haina kanisa, haina mama wa kuikanya. Inafanya kazi yake kipofu. Wale wa kizuizini wako na macho. Usiwape udhuru wa damu yangu." Nimefundisha wanafunzi wengi tangu hapo, na kila mmoja wao huanza na mfano uleule. Huwa nawarudishia maneno ya Deo bila kutaja alikotoka.

Kilichoizuia kinga yake isifanye kazi hiyo kipofu kilikuwa vidonge vya aina tatu. Prednizoloni ilipatikana hata Uvira, kwa sababu wanawake waliotaka kunenepa waliinunua sokoni, na kila nilipokwenda kumnunulia muuzaji alinitazama mwili mzima na kusema, "Tena? Dokta, mbona haikushiki?" Aina ya pili iliisha mapema na hatukuipata tena popote. Ya tatu, siklosporini, ilikuwa moyo wa yote: kapsuli kubwa laini ambazo karatasi zake zikipasuliwa hutoa harufu ya ngozi mbichi iliyolowekwa katika pombe. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtetemesha mikono. Ubelgiji walimpima damu mara kwa mara ili kujua dawa iko kiasi gani, kwa maana ikizidi huua figo, ikipungua kinga huamka. Kalundu hapakuwa na kipimo hicho wala matumaini yake. Kipimo chetu kilikuwa chai.

Sikumbuki ni nani kati yetu aliyeligundua. Deo alikuwa akishika kikombe baada ya kumeza dawa, tukitazama uso wa chai. Chai ikicheza, ikapiga ukingo kwa vijiwimbi, tulijua dawa iko katika damu. Siku aliyopunguza kidonge, vijiwimbi vilipungua. Mama Veronika aliitazama mikono ile kwa huruma na kila Jumapili aliiombea itulie, naye Deo aliniangalia juu ya kikombe. Tulikuwa tukiomba kinyume chake.

Leo nafanya kazi katika maabara ya mji ulio mbali na ziwa, nami huchunguza damu za watu waliopandikizwa figo. Naweza kutafuta kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya mtoaji mmoja mahususi, zikiwa bado chache, kabla mgonjwa hajahisi lolote. Wenzangu wa mbali wanaweza kufanya zaidi. Chembe za pafu lililopandikizwa zinapokufa, humwaga vipande vya vinasaba vyake katika damu ya mwenye kulibeba, na vipande hivyo huweza kutofautishwa na vyake mwenyewe. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza niliondoka mezani nikaenda kusimama nje. Nilikuwa nikifikiri kwamba katika mkono ule ulioshika kikombe, mbele yangu, kijana yule asiye na jina alikuwa akipita katika damu kwa vipande, akitoa habari ya kuumizwa kwake asubuhi baada ya asubuhi, nasi hatukuwa na sikio la kumsikia. Hata tungekuwa nalo, sijui tungemjibu nini. Bado hakuna tiba ya uhakika ya kovu lile. Kujua mapema ni kujua tu, isipokuwa pale ambapo kuna dawa na barabara ya kuileta.

Kapsuli zilipoanza kupungua, mfanyabiashara mmoja wa ndagala aliyevuka kwenda Bujumbura aliulizia katika kila famasi, akarudi na jibu kwamba hakuna hata anayelijua jina hilo. Ndipo nilipokumbuka somo la chuoni. Deo alikuwa amekatazwa balungi kabisa, nami nilijua sababu: tumbo huvunja sehemu kubwa ya dawa ile kabla haijaingia katika damu, na maji ya balungi huizuia kazi hiyo, hivyo dawa nyingi zaidi hupenya. Kilichokatazwa kwa tajiri wa dawa kingeweza kumfaa maskini wake. Tulijadiliana siku nyingi, maana balungi moja si sawa na jingine na figo hazirudi zikishaharibika. "Figo ni zangu, nilizaliwa nazo," alisema mwishowe. "Nitazihatarisha kwanza kabla ya kitu cha mwenzangu." Akawa anameza nusu ya kipimo kwa maji ya balungi. Chai ikacheza. Mama Veronika, akiona mtetemo umerudi kwa nguvu, aliweka novena, sala ya siku tisa, ili mikono itulie. Tulipata miezi kwa njia hiyo. Sipendekezi kwa yeyote. Nasimulia tu tulichofanya mahali ambapo vingine vyote vilikuwa vimekwisha.

Ni katika miezi hiyo Mama Veronika aliuliza swali lake. Tulikuwa tunakula, Deo dirishani, na habari zilikuwa zimefika kwamba kule milimani, upande wa Bijombo, watu wamekufa wengi na hawakuzikwa. Tonge likasimama mkononi mwake.

"Deo. Yule muntu wa mapafu. Nani alimuliliaka?"

"Sijui, Shangazi. Kule hawasemi jina. Muuguzi mmoja tu aliniambia ni kijana, alianguka na pikipiki, mwisho wa baridi."

"Na weye? Ulikaa matanga yake?"

"Nilikuwa nimelala na kifua wazi."

"Na kisha? Ulipoamka?"

Mama Veronika alirudisha tonge kwenye sinia. "Muntu anakufa, unachukua pumzi yake, unatembea nayo, unaileta mpaka huku kwangu, na hakuna hata mukeka? Minye nililala chini kwa ajili ya kaka ya jirani nilikuwa simujui sura. Huyu amelala ndani ya nyumba yangu kila siku, ndani ya kifua yako, na hatujamulilia?"

Nilipinga, na ninaamini bado kwamba nilikuwa na haki ya kupinga. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, Kalundu nzima ilikuwa ikikohoa, na mafua ya kawaida kwa mtu wa namna ile huweza kuiamsha kinga yote na kuifundisha upya ilichokuwa imesahaulishwa. Nilimweleza Mama Veronika hayo, naye alinisikiliza kwa heshima kama mtu anavyosikiliza mvua. Aliyenishinda alikuwa Deo. Mtu yule aliyechemsha kijiko chake alisema, "Mudogo, tangu siku ile nimekuwa nikiishi kama muntu aliyeondoka kilioni kwa mlango wa nyuma. Niache nikae." Tukakubaliana: watu wawe uani, yeye akae peke yake mlangoni amefunga kitambaa puani na mdomoni, na asishikwe mkono.

Nilitarajia wangekuja wachache, kwa udadisi. Wakaja wengi, ua ukajaa mpaka kwenye vichanja vya ndagala. Nilielewa polepole. Karibu kila mtu pale alikuwa na mfu ambaye hakuwahi kumlilia: aliyepotelea barabarani, aliyeachwa bondeni, aliyechukuliwa kwenye kizuizi. Kumlilia mtu wako kwa sauti mwaka ule kuliweza kuonekana kama kumshtaki mtu. Kumlilia mzungu asiye na jina hakukumshtaki yeyote. Mama Sifa, yule wa Kifaransa cha kikohozi, alianguka chini na kulia mpaka wakamshika, na sidhani kwamba machozi yale yalivuka kwenda Ulaya.

Tatizo lilizuka pasipokuwa na wa kulitatua. Matanga yana pande mbili, wenye mfu na waliokuja kuwalilia, na mkeka wa wenye mfu ulikuwa mtupu. Katekista aliyeongoza sala alisimama akiutazama. Mama Veronika hakuweza kuketi pale, kwa sababu yeye alikuwa upande wa aliyepokea. Ndipo mwanamke mmoja akatoka nyuma. Tulimwita Mama Esteri. Alikuwa mfugaji kutoka Bijombo, Mprotestanti, aliyeteremka peke yake baada ya ng'ombe na watu wake kuisha, na katika mtaa ule watu walinunua kwake maziwa aliyowachuuzia wengine bila kumkaribisha kiti, kwa sababu ya kabila lake. Alivua viatu, akaketi katikati ya mkeka mtupu.

"Minye nitakaa kwa ajili yake," alisema. "Huyu hana wake hapa. Na minye sina."

Kisha Mama Sifa akainuka, akiwa bado anafuta pua, akaenda kumpa mkono wa pole kama anavyopewa mwenye mfu, na wengine wakapanga mstari nyuma yake. Nimeona mikutano mingi ya upatanisho tangu wakati ule, yenye mabango na maji ya chupa. Sijaona mstari kama ule.

Desturi ilifuata njia yake. Katekista aliuliza, kama inavyoulizwa katika kila msiba, "Kama iko muntu ana deni ya marehemu, asimame aseme mbele ya jamaa." Huwa ni maneno ya kupita. Watu husema kiasi kidogo, wakasamehewa, wakaketi. Deo akasimama pale mlangoni, akashusha kitambaa kwenye kidevu.

"Minye," alisema. "Niko na deni ya pumzi. Niliichukua bila kumuomba, ao aliombwa na bengine kwa niaba yangu. Nimeishi nayo. Nimecheka nayo. Sasa naona sitaweza kuichunga sana. Naomba jamaa wanisamehe."

Wote tukamgeukia Mama Esteri. Ingekuwa rahisi kwake, na sote tulitaka aseme neno lile ili tule na kwenda nyumbani.

"Siwezi, kaka," alisema. "Minye nimekaa tu hapa mukeka usibaki bure. Kusamehe ni ya wenyewe. Kama muntu angesamehe wauaji ya watoto yangu mahali pangu, ningemukatalia. Ubatafute wenyewe. Ubaambie alililiwa."

Deo aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyehukumiwa kwa haki. Kisha akanitazama mimi, ng'ambo ya ua, na kila mtu akafuata macho yake. "Mudogo, weye njo utafika," akasema. "Utabaambia?" Nami, viatu mkononi, nikasema ndiyo.

Kikohozi kilifika nyumbani kwetu siku chache baadaye. Sijui kama kilitoka uani au kilitoka kwangu, niliyetoka kila siku kituo cha afya. Kilipita kwa Mama Veronika na kwangu kama kinavyopita kwa watu. Kwa Deo kilipita pia, homa ikashuka, akaomba chakula, lakini mshale wa bomba haukurudi tena kwenye plasta. Wiki moja ulisimama chini kidogo. Iliyofuata, chini ya hapo. Hapakuwa na maumivu, kama alivyonieleza. Kulikuwa na kupungua tu, kwa adabu, kama mgeni anayerudi nyuma akielekea mlangoni bila kuaga. Na kapsuli zikaisha. Balungi lilibaki, likiwa halina cha kuzidisha.

Chai ikatulia. Mama Veronika ndiye aliyeona kwanza, au alidhani ni wa kwanza. Aliingia asubuhi moja akamkuta Deo ameshika kikombe, uso wa chai ukiwa bapa kama ziwa la alfajiri, akaweka chini kila alichobeba. "Yezu asifiwe! Angalia mikono! Imetulia!" Akatoka uani kuwatangazia, nikasikia vigelegele. Siku hiyo alichinja kuku. Deo alikula akiwa amekaa wima, akipumzika kati ya tonge na tonge, na nilipotaka kusema aliweka kidole mdomoni. "Muache, mudogo. Novena yake imejibiwa. Ni watu wangapi mwaka huu novena yao imejibiwa?"

Lakini Mama Veronika aliuza samaki maisha yote, na muuza samaki hujua tofauti ya kutulia na kulala. Siku ya mwisho, Deo alipokuwa hawezi tena kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, shangazi yake alikaa naye dirishani, akakichukua kile kikombe kutoka katika mkono usiotikisika, akakitazama, akanitazama. "Kumbe ile kutetemeka njo ilikuwa uzima yake," alisema. "Na minye niliomba itoke." Deo alitikisa kichwa kukataa. Alitaka kumwambia kitu, kikahitaji pumzi zaidi ya aliyokuwa nayo, akamshika mkono tu, bila kitambaa, bila kuogopa chochote. Alifariki mchana huohuo, watoto wa shule wakipita nje.

Tulimzika juu ya Kalundu, mahali unapoona ziwa. Katekista aliposali alitaja "wafu wetu hawa wawili", na hakuna aliyemsahihisha. Baadaye, vita vilipolegea, Mama Veronika alijenga msalaba wa saruji. Upande mmoja wa mkono wa msalaba uliandikwa Deo. Upande wa pili alimkataza fundi kuandika lolote. "Hiyo iko na mwenyewe," alimwambia. Juzi, baada ya kumzika yeye karibu na hapo, nilipitisha kidole kwenye saruji ile tupu. Imeota ukungu kidogo. Mama Esteri, aliyezeeka sana na bado yuko Kalundu, alisimama nyuma yangu akiegemea fimbo. "Ulibapata?" aliniuliza. Hakuhitaji kueleza akina nani.

Nimewatafuta. Miaka mingi baada ya vita nilipata masomo huko Ubelgiji, nikaenda kwenye ofisi iliyohusika, nikaeleza. Walinikaribisha vizuri wakanikatalia, na walikuwa na haki: sheria inamlinda aliyetoa na aliyepokea wasifuatane. Niliomba jamaa wa kijana wapelekewe ujumbe. Waliniambia kwamba baada ya muda mrefu hivyo hawawezi kuahidi. Sikumjibu Mama Esteri haya yote. Nilimwambia bado. Akasema, "Basi endelea," kama mtu anayemtuma mwingine maji.

Kwa hiyo naendelea, kwa njia pekee iliyobaki. Wasomaji wa Kiswahili siku hizi wako kila mahali, hata katika miji ile yenye baridi. Siombi jina, na msalaba unaweza kubaki ulivyo. Lakini ukiwa unaishi huko, na ukimjua jirani, mgonjwa unayemhudumia, au mzee mnayekaa naye kanisani, ambaye miaka kadhaa kabla ya vita vyetu vya pili alimpoteza kijana kwa ajali ya pikipiki mwishoni mwa baridi, akaulizwa kama mapafu yake yanaweza kumsaidia mtu mwingine, akakubali, na hakuambiwa yalikwenda wapi, nakuomba: keti naye, umsomee kurasa hizi kwa lugha yake, polepole, mwambie kijana wake alililiwa Kalundu, kisha umuulize kama anamsamehe Deo.